Programu imesema jengo liko salama: ilijuaje?

Jengo likiporomoka, kama lilivyoporomoka lile la ghorofa nne Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, haipiti siku mbili kabla watu hawajaanza kuulizana: siku hizi kompyuta zipo, wahandisi walishindwaje kuona? Upande wa pili yupo mwenye nyumba aliyeonyeshwa picha ya ghorofa lake likiwa limepakwa rangi za bluu, kijani na nyekundu, akaambiwa programu imepitisha, naye akaenda kulala usingizi. Kwa nini jengo fulani lilianguka ni kazi ya wachunguzi, na makala haya hayaingii huko. Yanaeleza jambo linalowachanganya wote wawili. Programu ya uchanganuzi wa miundo haikagui jengo. Hukokotoa modeli, yaani maelezo ya jengo yaliyoandikwa na mtu, na swali itakaloulizwa italijibu kwa usahihi wa kutisha hata kama swali lenyewe ni bovu.

Kwanza tuelewane maneno. Uzito na nguvu za jengo hupimwa kwa kilonyutoni, kN. kN 10 ni kama tani moja. Mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba. Momenti ni kiasi cha kupinda: ndiyo inayovuta nondo za chini ya bimu katikati. Nguvu ya kukata ni ile inayotaka kuitenganisha bimu karibu na nguzo, kipande kimoja kishuke na kingine kibaki. Ringi zinazofungwa kuzunguka nondo huwekwa kwa ajili hiyo. Ukakamavu ni ubishi wa kitu kupinda. Mbonyeo ni kiasi ambacho kitu kimeshuka kikiwa kimebebeshwa.

Kinachofanyika ndani ya mashine

Fikiria kitanda cha kamba. Ukikaa katikati, kamba zilizo chini yako zinashuka, zinazivuta zile zinazopishana nazo, hizo zinavuta mbao za pembeni, na mwishowe matendegu manne yanapokea uzito wako wote. Ukijua kila makutano ya kamba yameshuka kiasi gani, utajua kila kipande cha kamba kimevutwa kiasi gani. Mbinu ya elementi finiti, ambayo ndiyo moyo wa programu hizi, ni wazo hilohilo. Jengo hukatwakatwa katika vipande vidogo vinavyoitwa elementi, vikaunganishwa kwenye vifundo, na vyote pamoja vikawa wavu. Ukakamavu wa kila elementi unajulikana kwa fomula. Mizigo inajulikana. Kisichojulikana ni vifundo vimesogea kiasi gani.

Katika jengo, kila kifundo kinaweza kusogea pande tatu na kuzunguka kwa namna tatu. Vifundo 20,000 vina maana ya namba 120,000 zinazotafutwa kwa pamoja katika mlinganyo mmoja mkubwa: ukakamavu mara msogeo sawa na nguvu. Misogeo ikipatikana, mikazo na momenti hukokotolewa kutoka humo. Rangi unazoziona mwishoni ni tafsiri ya namba hizo tu. Ile picha ya jengo lililopinda kama mpira nayo isikutishe, kwa sababu misogeo hukuzwa mara mia au zaidi ili jicho liweze kuiona.

Mbinu hii ilikomaa kwenye ndege kabla ya kufika kwenye nyumba. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha kazi yao iliyotokana na uchanganuzi wa mabawa ya ndege huko Boeing, na mwaka 1960 Ray Clough akaipa jina inalotumia hadi leo. Leo ofisi za wahandisi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zina ETABS, STAAD.Pro, ProtaStructure, Prokon na nyinginezo, na zipo za bure kama CalculiX. Watu hubishana ipi inasema kweli zaidi. Kwa fremu ya kawaida ya zege, zote zikipewa modeli moja zitatoa jibu moja, maana hesabu ya ndani ni ileile. Unacholipia zaidi ni wepesi wa kuchora, kanuni za usanifu zilizomo, na michoro ya nondo.

Mbofyo mmoja wa kipanya

Chukua bimu ya zege yenye upana wa mm 300 na kina cha mm 600, inayovuka mita 6, imebeba kN 30 kwa kila mita pamoja na uzito wake. Jumla ni kN 180. Ikiwa imelalia kuta mbili tu, kila ukuta unapokea kN 90, na momenti ya katikati ni 30 × 6 × 6 ÷ 8, yaani kNm 135 (kilonyutoni mara mita, kipimo cha momenti). Kwa zege yenye moduli, yaani ukakamavu wa zege yenyewe, ya N/mm² 30,000 (nyutoni kwa kila milimita ya mraba) itabonyea mm 3 na kidogo. Hesabu hiyo inakaa nyuma ya bahasha.

Sasa iambie programu kwamba ncha za bimu zimeshikwa kabisa, haziwezi kuzunguka. Ni mbofyo mmoja. Momenti ya katikati inashuka hadi kNm 45, kNm 90 zinahamia kwenye kila ncha, na mbonyeo unabaki moja ya tano. Hakuna onyo litakalotokea, kwa kuwa majibu yote mawili ni sahihi kwa swali lake. Lakini kama nondo za chini zimepangwa kwa kNm 45, na kule saiti bimu imewekwa juu ya ukuta wa tofali ambao hauwezi kuishika isizunguke, katikati itadaiwa mara tatu ya ilichoandaliwa. Kosa la upande wa pili lina nafuu: ukisanifu kama imelala tu kumbe nguzo inaishika, nyufa zitatokea juu karibu na nguzo, ila katikati pana chuma cha kutosha.

Hapo kwenye maegemeo, yaani pale bimu au nguzo inapokalia, ndipo modeli nyingi hudanganya, na chini kabisa ya jengo ndipo pabaya zaidi. Kwa kawaida modeli huchukulia nguzo imesimama juu ya kitu kisichoshuka wala kuzunguka. Udongo si hivyo. Juu ya udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi, msingi mmoja unaweza kupanda huku jirani yake ukishuka. Programu inaweza kupewa springi badala ya egemeo gumu, lakini ugumu wa springi hizo hutoka kwenye uchunguzi wa udongo wa kiwanja hichohicho. Ukinakili namba ya mradi wa jirani, umeandika hadithi.

Kujumlisha kabla ya kutazama rangi

Kipimo cha kwanza cha modeli yoyote ni cha darasa la saba: mizigo iliyoingia juu lazima itoke chini. Sakafu ya mita 10 kwa 12, slabu ya mm 150, zege ikiwa na uzito wa kN 25 kwa mita ya ujazo: 10 × 12 × 0.15 × 25 ni kN 450. Ongeza lipu na vigae, tuseme kN 1.5 kwa mita ya mraba: kN 180. Ongeza watu na samani za makazi, kN 2 kwa mita ya mraba: kN 240. Jumla kN 870. Fungua jedwali la nguvu za maegemeo. Likisema 868, endelea. Likisema 420, kuna mzigo haujaingia. Likisema 1,320, uzito wa slabu umehesabiwa mara mbili: programu iliuongeza yenyewe na wewe ukauandika tena kwa mkono. Kosa hili la mwisho ni la kila siku.

Mizigo inayosahaulika inajulikana. Ukuta wa bloku za inchi sita wenye kimo cha mita 3 una uzito wa karibu kN 10 kwa kila mita ya urefu, na wachoraji wengi hawauchori kwenye modeli kwa sababu haubebi kitu. Lakini wenyewe lazima ubebwe. Tangi la maji la lita 10,000 juu ya paa ni tani 10 zilizokaa mahali padogo. Kisha kuna matumizi yanayobadilika: chumba kilichosanifiwa kwa kN 2 kwa mita ya mraba kikigeuzwa stoo ya vitenge au marobota ya karatasi, mzigo wake unaweza kuzidi mara tatu. Modeli haitapata habari.

Kipimo cha pili ni kutazama umbo lililopinda likitembea kwenye skrini. Hapo ndipo inaonekana bimu mbili zilizopishana bila kuunganishwa kwa kuwa kifundo kimoja kimekaa milimita chache pembeni ya kingine: moja inabonyea, nyingine imetulia kana kwamba haihusiki. Bimu inayoelea ikiwa haijashikwa na kitu, programu nyingi hukataa na kusema muundo hauna uthabiti. Baadhi hutia kizuizi kidogo cha kubuni na kuendelea kimyakimya, na ujumbe wake hubaki kwenye faili la kumbukumbu ambalo hakuna anayelisoma.

Sleipner A, 1991

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kilitokea Norway. Sleipner A lilikuwa jukwaa la gesi la Bahari ya Kaskazini, na kitako chake kilikuwa cha zege: matangi 24 ya mviringo yaliyogusana, manne kati yake yakipanda juu kuwa minara ya kubeba sitaha. Matangi matatu ya mviringo yakigusana, katikati hubaki uwazi wa pembetatu. Uwazi huo ulikuwa wazi kwa bahari, kwa hiyo maji yalisukuma kuta zake kutoka ndani ya pembetatu kwenda kwenye matangi yaliyokuwa na hewa.

Agosti 23, 1991, kitako kilikuwa kikizamishwa polepole kwenye ghuba ya Gandsfjord, karibu na Stavanger, kwa maandalizi ya kufungiwa sitaha. Maji yalipofika kimo cha mita 65 hivi juu ya kuta hizo, moja ilipasuka. Pampu hazikuweza kushindana na maji yaliyoingia. Kitako kizima kilizama, kikapondeka chini, na mtetemo wake ukarekodiwa kama tetemeko la ukubwa wa 3. Waliokuwemo waliokolewa. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 700.

Uchunguzi ulionyesha kwamba modeli ya elementi finiti, iliyofanywa kwa programu ya NASTRAN, ilikuwa imepunguza nguvu ya kukata kwenye kuta hizo kwa asilimia 47. Programu haikuwa na kasoro. Kwenye makutano ya pembetatu wavu ulikuwa wa elementi chache, kubwa na zilizopinda umbo, na namba za ukutani zilipatikana kwa kukadiria kutoka kwenye namba za elementi hizo. Juu ya kosa hilo likaja la pili: nondo zenye vichwa vya T zilizowekwa kwenye makutano hayo zilikuwa fupi, hazikufika pale zege ilipohitaji kushikwa. Uchanganuzi wa makini zaidi uliofanywa baada ya ajali ulitabiri kuta zitashindwa kwenye kina cha mita 62. Zilishindwa kwenye 65.

Cha kuuma ni kwamba hesabu ya mstari mmoja ingelipiga kengele. Kwenye kina cha mita 65 maji yanasukuma kwa takriban kN 650 kwa kila mita ya mraba. Kata ukanda wa ukuta wa upana wa mita moja. Chochote kinachosukumwa juu yake lazima kitoke kwenye ncha zake mbili, nusu huku na nusu kule. Hiyo ndiyo nguvu ya kukata, na hakuna wavu unaoweza kuipunguza. Jukwaa mbadala lilisanifiwa, likajengwa, na Sleipner A ikaanza uzalishaji mwaka 1993.

Marekani walikuwa wamepata onyo lao mapema zaidi. Usiku wa kuamkia Januari 18, 1978, paa la ukumbi wa Hartford Civic Center lilianguka likiwa na theluji, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kuondoka. Modeli ilichukulia vyuma vya juu vimeshikiliwa katikati visijikunje. Viungo vilivyojengwa havikuvishika hivyo. Wakati wa ujenzi paa lilipimwa likaonekana limebonyea mara mbili ya hesabu. Kipimo kikaachwa, hesabu ikaaminiwa.

Wavu mdogo zaidi si ukweli zaidi

Baada ya kusikia habari ya Sleipner wengi huamua kukata elementi ndogo kadiri kompyuta inavyoweza. Ni nusu ya dawa. Utaratibu wenyewe ni huu: endesha modeli, gawa ukubwa wa elementi kwa mbili, endesha tena, linganisha. Jibu unalolitaka, kwa mfano momenti ya katikati ya slabu, likibadilika chini ya asilimia 5, wavu unatosha. Elementi 8 hadi 10 kati ya nguzo na nguzo ni mwanzo mzuri kwa slabu. Jihadhari na pembetatu za vifundo vitatu katika modeli za ukuta au bimu: ni ngumu kupita kiasi, na ukiweka safu moja tu katika kina chote, unaweza kupata mbonyeo usiofika hata nusu ya ule wa kweli.

Ila kuna sehemu ambako kulinganisha hakutaisha kamwe. Kwenye kona ya ndani ya uwazi wa ngazi, au pale slabu inapoegemea nguzo iliyochorwa kama nukta, mkazo hupanda kila ukipunguza elementi, hadi kompyuta ichoke. Kihesabu mkazo wa kona hiyo hauna mwisho. Kwenye zege halisi nguzo ina upana wake, na zege hupasuka kidogo kisha mzigo unahamia pembeni. Kwa hiyo kilele hicho chekundu hakisanifiwi nondo. Huchukuliwa wastani wa momenti katika upana unaoeleweka, au husomwa kwenye uso wa nguzo. Mhandisi mgeni hujaza nondo pale hadi zege haipiti katikati yake, na zege isiyopita huacha mashimo ambayo ni hatari kuliko nondo kupungua.

Kosa la kinyume hutokea kwenye mbonyeo. Bimu yetu ya mm 3 ilihesabiwa kama zege isiyo na ufa. Zege ikishabeba, hupasuka nyufa nyembamba upande wa kuvutwa na kupoteza sehemu ya ukakamavu. Kanuni ya Marekani ya ACI 318 inaruhusu kuchukua asilimia 35 tu ya ukakamavu wa bimu kamili, asilimia 70 kwa nguzo. Kwa asilimia 35 mm 3 zetu zinakuwa karibu mm 9, na bado hujahesabu zege inavyoendelea kulegea kwa miaka. Modeli isiyoambiwa haya itakuahidi slabu iliyonyooka, kisha milango ianze kukwama.

Jambo la mwisho la aina hii ni wakati. Modeli ya kawaida husimamisha jengo zima likiwa halina uzito, kisha huwasha uzito wote kwa mpigo. Jengo halijengwi hivyo. Kwenye ghorofa ambako nguzo za juu zimesimama juu ya bimu kubwa ili chini pabaki ukumbi wazi, fremu za juu zitaonekana zikiisaidia bimu hiyo kubeba, wakati kiuhalisia siku ya kumwaga ghorofa ya pili hazikuwepo. Programu nyingi zina chaguo la kupakia ghorofa moja baada ya nyingine. Halijiwashi lenyewe, na mirunda ikitolewa mapema kuliko modeli ilivyodhani, chaguo hilo nalo halisaidii.

Nini cha kumwomba mhandisi

Mwenye jengo hahitaji kuelewa mlinganyo. Aombe ripoti ya hesabu, asikubali picha za rangi peke yake. Ndani yake pawe na ukurasa wa mizigo iliyotumika chumba kwa chumba, jumla ya mizigo ikilinganishwa na jumla ya maegemeo, kanuni iliyofuatwa (BS 8110 ya Uingereza bado ipo mezani pa wengi, Eurocode ya Ulaya inaingia), nguvu ya zege iliyodhaniwa, ripoti ya udongo, na angalau bimu moja na nguzo moja ya chini zilizokokotolewa kwa mkono. Atakayepiga muhuri ndiye atakayejibu. Programu haijasajiliwa na bodi yoyote.

Nguvu ya zege iliyodhaniwa ina mwenzake saiti. Modeli ikiandikiwa N/mm² 25, basi vile vipande vya majaribio vya umbo la mchemraba vya mm 150 vinavyojazwa siku ya kumwaga vipondwe vikifika siku 28 na matokeo yawekwe kwenye faili moja na ripoti. Fundi akiongeza maji ili zege iteleze, modeli haibadiliki, zege inabadilika.

Na faili la modeli lenyewe likabidhiwe, pamoja na michoro ya nondo kama zilivyofungwa. Siku mwenye jengo atakapotaka kuongeza ghorofa, kuvunja ukuta au kuchimba chini kupata maduka, mhandisi atalifungua, abadilishe, aone nguzo ipi imezidiwa. Bila hilo itabidi aanze kwa kusaka nondo ndani ya nguzo kwa kifaa cha kuzitambua, atoboe zege kuchukua sampuli za kuponda, na achimbe pembeni mwa msingi kuona upana wake. Kazi hiyo hufanyika kabla ya nyundo ya kwanza kugonga ukuta.